Ngozi ya Kiti cha Zamani

Nyumbani kwetu kumetokea ubishi mdogo ambao umekaa siku nyingi kuliko ulivyostahili. Kiti cha marehemu baba, kile alichokalia kila jioni, ngozi yake imepasuka na sponji inamwagika sakafuni kama unga wa muhogo. Mama alisema kivalishwe ngozi mpya. Dada yetu mkubwa akakataa kabisa. Mahali pale kwenye mkono wa kushoto wa kiti, palipochakaa na kung'aa, alisema, ndipo ulipokuwa mkono wa baba. Fundi akipaondoa tutabaki na kiti tu. Basi tukamwandikia kijana wetu aliyeko Michigan, Marekani, ambaye kazi yake ni kurudisha hali ya ndani ya magari ya kifahari ya zamani: Cadillac, Lincoln, Packard. Tuliomba ushauri wa ngozi. Yeye alituletea maneno mengi kuliko tuliyouliza, na kwa sababu hiyo tunaandika haya.

Pengine msomaji atauliza, mtu mwenye akili anapotezaje miezi sita kwa ajili ya viti vya gari bovu? Sisi nasi tuliuliza. Lakini magari yale hayakuwa vyombo vya kusafiria tu. Cadillac moja iliyoitwa Eldorado Brougham, ya mwaka 1957, iliuzwa dola 13,074 wakati ambapo fedha hizo zilinunua nyumba, na ndani yake mlikuwa na vikombe vidogo vyenye sumaku na kichupa cha manukato ya Kifaransa. Katika miaka miwili yalitengenezwa 704 tu. Ngozi ya viti vya Continental Mark II ya mwaka 1956 ililetwa kutoka Uskoti. Watu waliona fahari ndani ya milango ile, na wajukuu wao wanataka kuiona tena.

Kijana wetu anaeleza kwamba kazi yenyewe huanza kwa kubomoa. Fundi hukata vile vipete vya waya vinavyoshika ngozi kwenye springi, kisha hufumua mishono mmoja mmoja kwa kisu chembamba, bila haraka. Ngozi ya zamani haitupwi. Kila kipande huandikwa namba na kulazwa juu ya ngozi mpya ili kiwe kielelezo cha kukatia. Asiyefanya hivyo, anasema, hushona kiti kizuri ambacho si cha gari lile. Chini ya ngozi hukutwa pamba iliyogandamana, mpira uliogeuka vumbi, mara nyingine sarafu na pini za nywele za mama fulani aliyekufa zamani. Dashibodi huwa imepasuka kwa jua. Mapambo ya zinki yaliyopakwa kromu huwa yametoa vipele kama mgonjwa wa tetekuwanga. Na gundi ya kitambaa cha dari ikichoka, dari hushuka na kumkalia dereva kichwani.

Katika barua ile jambo lililotushika zaidi ni habari ya mbao. Magari mengine ya kifahari yalipambwa kwa mbao za kweli za mjozi. Lakini yapo mengi, hasa ya miaka ya 1970, ambayo mbao zake ni picha tu ya mbao, iliyochapwa juu ya plastiki. Mteja mmoja alileta Cadillac ya namna hiyo, akataka picha ile ing'olewe na kuwekwa mbao halisi. Fundi mkuu wa karakana akamkatalia. Alisema gari hili lilizaliwa na plastiki, na ukiliwekea mbao unalisingizia ukoo lisilo nao. Tulicheka tuliposoma. Kisha tukaacha kucheka, maana swali si jepesi. Kiwanda kilidanganya macho ya mnunuzi, na sasa fundi mwaminifu anakaa mchana kutwa akiutengeneza upya uongo ule ule, kwa uangalifu mkubwa, ili awe mkweli! Kaka yetu anaona huo ni upuuzi, kwamba mbao ni bora kuliko plastiki na basi. Sisi wengine tunaona fundi alikuwa na haki. Kazi yake haikuwa kulifanya gari liwe bora kuliko lilivyokuwa, na mwenye kutaka gari bora anunue jipya.

Juu ya kuuza hatuna maneno mengi. Mwenye kuvalisha viti upya kisha akamwambia mnunuzi kwamba ni ngozi ile ile ya kiwandani, huyo ni mwizi, hata kama ngozi mpya ni nzuri zaidi. Wapenzi wa magari wenyewe wanalijua hilo, na siku hizi katika mashindano yao huweka kundi la pekee kwa magari ambayo hayajaguswa, yenye nyufa na madoa yake. Kitu huwa cha asili mara moja tu.

Lakini je, pasipo na mnunuzi wala fedha, kuvalisha upya ni kuficha? Kijana wetu hakujibu kwa maneno yake. Alitusimulia siku aliyokwenda Dearborn, karibu na Detroit, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na Henry Ford. Humo mna Lincoln Continental ya mwaka 1961, ile ambayo Rais Kennedy alipigwa risasi ndani yake huko Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Wengi hudhani gari lile lilifungiwa siku ile ile. La hasha. Wachunguzi walilikagua usiku uliofuata, na kioo chake cha mbele kikawekwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa. Baada ya hapo lilipelekwa kwa mafundi. Likawekewa vyuma vya kuzuia risasi na paa lisilofunguka, na sehemu ya nyuma, ile waliyokalia Rais na mkewe, ikavalishwa upya yote. Hatimaye likapakwa rangi nyeusi mahali pa buluu. Marais Johnson, Nixon, Ford na Carter walikuja kulitumia, hata lilipostaafishwa mwaka 1977.

Tuliposoma hayo mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Yaani walikalia pale pale?"

Ndiyo, walikalia pale pale. Na hapa sisi wenyewe hatupatani. Dada anaona lilikuwa jambo la ugumu wa moyo, kufuta damu ya mtu kwa cherehani na kuendelea na safari. Kaka anajibu kwamba serikali ilihitaji gari la usalama, kuunda jingine kungechukua muda mrefu, na kiti kilichoachwa na damu kingekuwa kitu cha kutazamwa na watu wasio na haya. Tunakiri neno hilo la mwisho lilituingia. Kuna kufunika kwa kuficha, na kuna kufunika kama tunavyomfunika marehemu kwa shuka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, maana shuka ni ile ile.

Katika jumba hilo hilo kipo kiti kingine. Ni kiti cha bembea chenye kitambaa chekundu, alichokalia Rais Abraham Lincoln katika ukumbi wa michezo wa Ford huko Washington, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, alipopigwa risasi. (Ford huyu si yule wa magari, ingawa ni yule wa magari aliyekinunua mwaka 1929.) Kiti hiki hakikuvalishwa upya. Kitambaa kimechakaa, na kwenye maegemeo ya kichwa pana doa jeusi, ambalo watu hulitazama kwa huzuni wakidhani ni damu ya Rais. Kumbe ni mafuta ya nywele ya watu waliowahi kukalia kiti hicho kabla yake.

Dada hakulipenda jambo hilo, maana alikuwa ametegemea kwamba kitu kisichoguswa hakidanganyi. Lakini kitambaa cha kweli, cha siku ile ile, kinawadanganya watazamaji kila siku, na ngozi mpya ya Lincoln haimdanganyi mtu, kwa kuwa wenye jumba wameeleza wazi ilishonwa lini na kwa nini. Tena hawakujaribu kulirudisha gari katika sura ya Dallas, ingawa wageni wengi huja wakitafuta gari la buluu lililo wazi juu. Wameliacha jeusi, na paa lake. Tunadhani walifanya vema. Kurudisha kiti cha asubuhi ile, kisafi, kana kwamba gari halijafika bado kwenye ile barabara, kungekuwa uongo mbaya kuliko plastiki yoyote ya Cadillac.

Mwisho wa barua kijana aliandika hivi: "Mama mkubwa, ngozi ya ng'ombe ikikauka mafuta yake hairudi, hata mkiipaka nini. Kiti kitaendelea kumwagika. Lakini mwambieni fundi asitupe kitu."

Fundi makochi anakuja Jumamosi. Tumekubaliana avalishe kalio, maegemeo na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto asiuguse. Fundi amesema kitakuwa kiti cha ajabu, rangi mbili, na kwamba hataki watu wajue ni kazi yake. Mama amemjibu kwamba wakiuliza, sisi wenyewe tutawaambia.