Sanda na Barua

Tumezoea kumkemea mjamzito anayezungumzia kifo. "Usijitabirie mabaya, mama. Amini tu." Naye hunyamaza, akabaki na hofu yake peke yake. Je, kujiandaa kufa ni kukosa imani?

Mwaka 1622, huko Uingereza, Elizabeth Joscelin alikuwa na mimba ya kwanza. Alilelewa na babu yake, askofu, akasomeshwa kuliko wasichana wengi wa siku zile. Mtoto alipoanza kucheza tumboni, aliagiza kwa siri anunuliwe sanda mpya. Kisha, faraghani, akaanza kumwandikia mtoto ambaye hakujua kama atamwona: namna ya kusali asubuhi, kuitunza siku ya Bwana, kukimbia kiburi. Akiwa wa kike, alitaka asome Biblia, ajue kuandika, kazi za nyumbani na matendo mema. Elimu zaidi ya hiyo aliona si lazima. (Hapo simwelewi. Bila elimu yake kubwa tusingekuwa na maandishi hayo.)

Kwa mumewe alikiri wazi kwamba kifo cha uzazi kilimtisha mara mbili: kwa maumivu yake, na kwa sababu mtoto angekosa malezi ya mama. La kwanza alimwachia Mungu. La pili alilishika kwa kalamu.

Tarehe 12 Oktoba alijifungua binti, akabatizwa Theodora, yaani zawadi ya Mungu. Mama akashukuru kwamba ameishi kumwona mwanawe akiwa Mkristo. Siku tisa baada ya kujifungua akafariki kwa homa. Maandishi yalikutwa kwenye dawati lake, hayajakamilika. Yakachapishwa mwaka 1624, na kurudiwa mara nyingi.

Mtu atauliza: faraja iko wapi, ikiwa hofu haikumtoka? Nadhani tunaidai faraja kazi isiyo yake. Aliyekata tamaa hamfundishi mtoto kusali asubuhi. Na asiyekubali kwamba anaogopa haandiki kitu, anangoja tu. Hata Bwana wetu pale Gethsemane aliwaambia rafiki zake huzuni yake, wala hatusemi alipungukiwa imani.

Huyu dada alikuwa na mume, na ndugu wa kanisa. Hata hivyo sanda aliinunua kwa siri. Angekuwa wa jumuiya yetu, angemwambia nani?