Suleiman Kangangi na Barabara

Nyinyi wa Lukenya huwaona waendesha baiskeli wakipanda miinuko kabla malori ya Barabara ya Mombasa hayajazidi. Katika mchezo huo wa baiskeli, mwaka 1960, mjini Roma, Viktor Kapitonov aliupatia Muungano wa Kisovieti dhahabu ya Olimpiki. Nyuma yake ilisimama dola nzima. Mwendesha baiskeli wetu Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret, hakuwa na tegemeo kama hilo. Hata hivyo mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, kisha akawa nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, akiwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki. Agosti 2022 alianguka mashindanoni Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Ndugu dereva, ukimpita mwendesha baiskeli asubuhi hii, mwachie nafasi.