Mvua ya Kwanza na Mbegu ya Jirani



Juma lililopita twaliona mambo ambayo kila mwenye jembe katika nchi hizi za Mbeya na Iringa ayajua. Siku mbili pepo zilivuma, vumbi likajaa hata ndani ya kanisa, na moshi wa mashamba ukaufunika mlima Loleza. Jumatano jioni ngurumo zikalia, mvua ikanyesha saa nzima. Alhamisi alfajiri watu wengi walikuwa mashambani wakipanda mahindi. Tangu siku hiyo jua limewaka, wala tone halikuanguka tena.

Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Nazo haziji sawasawa. Miteremko ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Usangu iliyo nyuma ya milima, na Isimani kaskazini ya Iringa, hazipati hata nusu yake. Mtu wa Tukuyu akikosea siku, bado ana siku nyingine. Mtu wa Isimani akikosea siku, pengine amekosea mwaka. Maana punje ikiisha kuvimba na kuchipua, kisha udongo ukakauka, imekufa. Hairudi kuwa mbegu. Miombo hutoa majani mekundu tangu Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, kwa maji iliyoyaweka shinani na mizizini. Mahindi hayana akiba hiyo, wala maskini hana.

Sasa twasikia maneno. Wengine wananong'ona ya kuwa yuko mtu aliyeifunga mvua. Enyi walimu wa vijiji, msilinyamazie neno hilo, kwa kuwa mara nyingi huishia mlangoni pa mjane mzee asiye na mtu wa kumtetea. Wengine wawacheka waliopanda mapema, nao hulishika neno la Yakobo, sura ya 5, juu ya mkulima aingojaye mvua kwa saburi. Lakini Mhubiri, sura ya 11, amwonya naye yule akaaye akitazama mawingu asipande kamwe. Nani basi aliijua siku? Mwenye chakula cha miezi mitatu aweza kungoja. Ambaye akiba yake imekwisha hupanda kwa mvua ya kwanza, si kwa upumbavu, bali kwa sababu watoto wanalia. Saburi ya mwenye ghala lililojaa ni nyepesi, nasi hatuoni kuwa ni sifa kubwa.

Tena iko desturi ya kumkopesha mtu debe moja la mbegu wakati huu, arudishe mawili wakati wa mavuno. Someni Kutoka 22:25, mwone Mungu alivyowakataza Waisraeli kumtoza maskini faida. Mkristo na apokee debe kwa debe. Na mavuno yakikosa, asidai. (Mianzi ya ulanzi nayo yangoja mvua hiyohiyo, lakini habari hiyo tutaisema siku nyingine.)

Wazee wa kanisa na wapite nyumba kwa nyumba juma hili, wawajue waliopoteza mbegu. Majina yao yasisomwe mbele ya watu. Wenye mbegu na wazilete kwa mwalimu wakati wa jioni, kabla ya Jumamosi, maana leo mawingu yameonekana tena upande wa Uporoto.