Je, Dakika Kumi ni Upendeleo?

Yako maswali ambayo hujadiliwa mabwenini na mezani nyumbani zaidi kuliko katika mikutano ya wakubwa, wala si madogo kwa sababu hiyo. Mojawapo ni hili: mwanafunzi asiyeona, au kiziwi, au mwenye mkono usioweza kushika kalamu sawasawa, akipewa chuoni kitu ambacho wenzake hawakupewa, je, wenzake wamedhulumiwa? Wapo wasemao kwamba ndiyo. Mtihani ni mmoja, husema, na saa ya ukutani ni moja. Ampaye mmoja dakika za nyongeza amewapunja wengine. Wapo na wajibuo kwamba tusiwe wachoyo: mwenzetu ana shida, basi tumhurumie. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili, kwa kuwa limevaa nguo ya wema, ni gumu zaidi kulitambua.

Tuanze na mambo yalivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huagiza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeona huletewa maswali kwa nukta nundu, na mwenye uoni hafifu huletewa karatasi ya maandishi makubwa. Kwa nini iwe hivyo? Mwenye macho hutupa jicho juu ya ukurasa mzima, kisha hurudi mara moja penye neno alilolisahau. Asomaye nukta nundu hupitisha kidole herufi baada ya herufi, mstari baada ya mstari. Maandishi hayo, aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15, yamewafungulia wengi mlango wa elimu. Lakini kidole si jicho.

Basi, mtihani wa Historia wakusudia kujua nini? Wakusudia kujua kama mtahiniwa ajua Historia. Haukusudii kujua kidole chake chaenda mbio kiasi gani. Ukimpa muda ule ule, umepima vitu viwili kwa pamoja, ukaandika alama moja. Na mizani ya namna hiyo ni ya uongo. Aongezaye dakika haongezi uzito katika kikapu cha mtu mmoja. Aondoa jiwe lililokuwa limekwama chini ya mizani.

Jambo hili si geni kwa wenye hekima. Aristotle alikwisha kusema kwamba chakula kisichomtosha Milo, yule mwanamieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa mtu anayeanza mazoezi. Mtakatifu Toma wa Akwino naye alifundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Tuangalie vema: kilicho chake, si kilicho sawasawa na cha jirani yake. Mama mwenye watoto watano hawapimii wote kanzu kwa kipimo kimoja, wala hakuna mtoto alalamikaye kwamba ya kaka yake ina kitambaa kingi.

Hapa katika nyanda za kati habari hii ina historia ndefu. Huko Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro, Waanglikana walianzisha mwaka 1950 shule ya watoto wasioona, nayo yahesabiwa kuwa ya kwanza nchini. Wakatoliki nao walifungua shule ya viziwi huko Tabora mwaka 1963. Shule hizo ziliivunja kwa matendo ile hoja kwamba mtoto wa namna hii ni wa kulishwa tu, si wa kufundishwa.

Wala upofu wenyewe haukuwa jambo lililoshuka bila sababu. Nchi hii ni kavu, mvua zake ni chache, na katika vijiji vingi maji hutoka mbali. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa tangu miaka ya 1980 umeonyesha wazi jinsi trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, inavyofuatana na nyuso za watoto zisizooshwa, na jinsi kuosha uso kunavyosaidia kuuzuia. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zake hatimaye hugeuka ndani na kulikwaruza jicho mpaka nuru izimike. Mama mwenye ndoo moja ya maji kwa siku hupika kwanza, huwanywesha watoto kwanza, na uso hungoja. Je, mtu aliyepoteza macho kwa kukosa maji ambayo sisi sote tulichelewa kumfikishia, asimame mbele yetu kama mwomba sadaka? Tena wako waliozaliwa hivyo, na wako walioumia barabarani jana tu. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Na neno hilo lamhusu kila asomaye ukurasa huu.

Siku hizi vijana hawa hawaishii darasa la saba. Wengine hufika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho majengo yake yametawanyika mbali mbali juu ya vilima. Wengine huomba nafasi katika vyuo vya ufundi, au katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, kama kile cha Munguri huko Kondoa na kile cha Chisalu huko Mpwapwa. Ni fahari kwa wazazi. Lakini kijana aliyetoka katika shule yenye walimu waliofundishwa kazi hiyo aweza kujikuta chuoni akiutegemea moyo wa kila mkufunzi. Mmoja husoma kwa sauti kila anachokiandika ubaoni. Mwingine huandika kimya, kisha husema, “Kama mnavyoona hapa,” akaendelea.

Hapo ndipo rafiki huingia. Humshika mkono kwenda darasani, humsomea kitabu jioni, humwandikia yaliyosemwa. Twamsifu rafiki huyo, na Mungu ambariki. Lakini tufikiri pia hali ya huyu asomewaye. Hathubutu kusema kwamba mwenzake asoma ovyo, au kwamba ameruka ukurasa. Hathubutu kugombana naye juu ya jambo jingine lolote, maana kesho atasomewa na nani? Yampasa awe mpole kila siku na kushukuru kila saa. Na wiki ya mitihani ikifika, rafiki ana mtihani wake mwenyewe, wala hapana awezaye kumlaumu. Mtu aishiye kwa fadhila peke yake hawezi kukasirika, na asiyeweza kukasirika bado hajawa huru kati ya wenzake. Hata urafiki huharibika ukibebeshwa kazi iliyo ya ofisi.

Kwa hiyo twasema hivi: kumpokea mwanafunzi ni kumwahidi. Chuo kilichoandika jina la kijana katika daftari lake, kikapokea ada yake, kimekwisha kumwambia kwamba elimu inayotolewa humo aweza kuifikia. Kikimwacha chini ya ngazi za ghorofa akiwa katika kiti chake cha magurudumu, au kikimketisha kiziwi mbele ya mwalimu pasipo mkalimani wa lugha ya alama, kimevunja ahadi. Hatuhitaji kuomba huruma hapo. Twadai neno litimizwe. Sheria nayo yasema vivyo hivyo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo wahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu marekebisho yanayomfaa, maadamu si mzigo upitao kiasi.

Tutaambiwa: nchi ni maskini, na hata wenye macho na miguu hawana vitabu vya kutosha. Ni kweli, wala hatulidharau neno hilo. Mashine za nukta nundu ni za bei kubwa, na wakalimani ni wachache. Lakini mengi hayangoji fedha. Kuhamishia somo katika chumba cha chini kwagharimu nini? Kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni? Kumpa mwanafunzi maandishi ya somo wiki moja kabla, ili apate kuyaandaa? Kumketisha mbele kijana mwenye ualbino, ambaye macho yake hayafiki ubaoni, na kumruhusu avae kofia katika jua la Dodoma? Mambo hayo yataka mtu mmoja chuoni aliyepewa wajibu huo kwa jina, mwenye daftari na mlango unaojulikana, ili kijana asianze upya kujieleza kwa kila mkufunzi.

Na huyo mtu aanze kwa kuuliza. Katika Injili Bwana alipoitwa na yule kipofu wa Yeriko, hakudhani tu. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Vipofu wawili hawana haja moja, na wako wenye kifafa au usikivu mdogo ambao hawataonekana mpaka waulizwe kwa upole na kwa siri.

Lakini lipo jambo moja ambalo mwanafunzi huyu asipewe, nalo ni alama za bure. Mkufunzi amwongezeaye alama kwa sababu hana macho amemwambia, bila kufungua kinywa, kwamba hakumtegemea kujua kitu. Hiyo ni dharau, ingawa yatabasamu. Mpe muda, mpe maandishi, mpe njia ya kufika. Kisha umsahihishe kama wengine, na akikosa, akose. Haki ya kushindwa kwa uvivu wake mwenyewe, na si kwa ngazi au kwa ubao, nayo ni sehemu ya heshima ya mtu.

Basi, wazazi, mtoto wenu mwenye macho mazuri akirudi likizo na kulalamika kwamba mwenzake alibaki na karatasi baada ya kengele kulia, msimkemee wala msimwambie tu awe na huruma. Mwulizeni ni kitu gani hasa alichopungukiwa yeye katika dakika zile. Mwacheni atafute jibu mwenyewe. Na ninyi mlio na mtoto asiyeona au asiyesikia, mpelekapo barua ya kuomba nafasi chuoni, andikeni waziwazi anachohitaji, bila haya na bila kupiga magoti. Hamwombi zawadi.