Ng'ombe Mwenye Afya ni Haki ya Jirani

Mwenyezi Mungu alipomweka mtu wa kwanza bustanini, alimpa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Sisi wa leo twaishika sana ile ya kwanza, na ile ya pili twaisahau. Kosa hilo laonekana wazi katika mifugo yetu. Mfugaji akiulizwa habari za mali yake hutaja hesabu ya ng'ombe. Ni nadra aseme wanakula nini, wanakunywa wapi, na maziwa yao yanakwenda kinywani mwa nani.

Leo twataka kusema habari za Bariadi na Mkoa mzima wa Simiyu, ambako ng'ombe ni mahari, ni karo ya shule, tena ni akiba ya mwaka wa njaa. Msomaji wa Songea au wa Tanga asigeuze ukurasa akidhani kwamba mambo haya ni ya Wasukuma peke yao. Nyama na maziwa husafiri, na sheria ya Mungu ni moja kwa wote.

Wazee wa Usukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, asiingie mnyama. Majani hukua hata yakakauka yakiwa yamesimama, na miti hupata nafasi ya kuchipua. Ifikapo Julai au Agosti, nchi ikiwa kavu, ngitili hufunguliwa kipande kwa kipande. Tena haikuwekwa kwa ajili ya fahali wenye nguvu, bali hasa kwa ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, wasioweza kulifuata kundi hadi malisho ya mbali. Wazee hao, ambao wengi wao hawakuwahi kusikia Injili, walijua kwamba aliye dhaifu hana budi kutangulizwa.

Desturi hiyo nusura ipotee. Misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini wakaziacha ngitili zao. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliiona hali ya Shinyanga, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, akahofu kwamba nchi ile yageuka jangwa. Ndipo ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986. Ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kazi hiyo haikufanywa na mitambo. Ilifanywa na watu waliokubali kuizuia mikono yao na mifugo yao.

Lakini ngitili haina ukuta. Ulinzi wake ni dhamiri ya jirani. Anayeingiza kundi lake usiku katika ngitili ya mwenzake ameiba, ingawa hakubeba kitu begani. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono waliokula malisho mema kisha wakayakanyaga yaliyobaki, wakanywa maji safi kisha wakayachafua kwa miguu yao. Baba wa familia na ajiulize: je, mimi si mmoja wao?

Liko kosa la pili, nalo hufanyika kwa siri zaidi. Ng'ombe dhaifu, aliyekosa majani, huugua upesi. Mwenyewe hukimbilia dukani, hununua dawa bila kumwuliza bwana mifugo, humchoma sindano kwa kukisia, na kesho yake humkamua akauza maziwa. Wengine hata huwapaka ng'ombe sumu ya kunyunyizia pamba ili kuua kupe. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla maziwa hayajanywewa wala nyama haijaliwa. Asiyengoja amemnywesha mtoto wa jirani dawa asiyoandikiwa. Tena viuavijasumu vikitumiwa ovyo, vijidudu huvizoea, na siku ya haja, dawa haimfai ng'ombe wala binadamu. Hapo Amri ya Saba na Amri ya Tano zimevunjwa pamoja, hata kama fedha imehesabiwa kwa uaminifu.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kufuga kwa njia ya asili ni kumwacha mnyama afe kwa kuwa dawa ni mbaya. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, nchini Kenya, ilisaidia kuung'oa ugonjwa huo, hata mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa huru nao. Akili iliyoigundua chanjo ile ni kipaji cha Mungu sawasawa na majani ya ngitili. Chanjo ipokewe, josho litumike, ndigana itibiwe na mtu anayeijua. Twakataza dawa kushika mahali pa malisho, maji safi na zizi kavu.

Basi twawasihi akina baba wapunguze kundi kabla kiangazi hakijalipunguza: ng'ombe kumi wenye afya huwafaa watoto kuliko thelathini wenye kuonesha mbavu. Mabua ya mahindi na majani ya karanga yahifadhiwe, yasichomwe moto. Samadi irudi shambani. Wako wakulima wa Meatu ambao tangu miaka ya 1990 wamelima pamba bila kemikali, nao waijua thamani yake. Na akina mama, ambao mara nyingi ndio wenye kukamua na kuuza, wawe na haki ya kusema: Maziwa ya leo hayauzwi.

Kitabu cha Mithali chafundisha kwamba mwenye haki hujulikana hata kwa jinsi amtendeavyo mnyama wake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Mtakatifu Isidori Mkulima, aliyelima kwa maksai katika shamba la bwana wake karibu na Madrid, atuombee tuwe watunzaji waaminifu, ili siku ya hesabu tusiulizwe idadi ya ng'ombe tukakosa la kujibu juu ya jirani.