Amerudi kutoka Arabuni: Tupange Wapi?

Wapo kina mama wa Vanga ambao waume zao walikwenda Oman au Saudi Arabia kutafuta riziki. Siku hizi wapo pia waume waliobaki na watoto, wake zao wakifanya kazi za nyumbani huko huko. Anayerudi hupokewa kwa vigelegele, juma moja baadaye huulizwa, “Mtakaa wapi?”

Tuchukue mfano wa mume aliyerudi. Mkewe ameishi miaka minne kwa mama mkwe, naye sasa anataka mlango wake mwenyewe, hata wa chumba kimoja. Kazi ya mume imepatikana Diani, na nauli ya kutoka Vanga kila siku ingemeza mshahara. Diani ufuoni kodi hufuata watalii. Kwa hiyo mke akapendekeza Ukunda, kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, choo na jiko uani kwa wote.

Mume akakataa. Rafiki zake watasemaje?

Mke akaenda peke yake kuuliza bei, amejifunga leso zake za kila siku, wala hakutaja Arabuni. Maana mwenye nyumba akilisikia neno hilo, kodi hupanda kabla mpangaji hajavua viatu! Je, alidanganya? Mimi nasema hapana. Mwenye nyumba anastahili kulipwa kwa wakati na nyumba yake itunzwe. Hastahili kujua akiba ya mpangaji. Angeulizwa waziwazi akakana, hapo lingekuwa jambo jingine.

Usiku ule mke alimwuliza mumewe amebakiwa na fedha kiasi gani. Mume naye akanyamaza, akidhani anatumia busara ile ile. La hasha! Mwenye nyumba ni mgeni katika mfuko wenu, mke si mgeni. Miaka ile minne ndiye aliyepika, akalea watoto, akamwuguza mama yako. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango.

Pengine alinyamaza kwa kuwa akiba ni ndogo. Aibu hiyo naielewa. Kijiji kizima humwona tajiri. Lakini akipanga nyumba kubwa ili kuificha, watakaobana matumbo ni mke na watoto, nao hawakuulizwa.

Basi kaeni wawili, watoto wakishalala, mwandike yote: kodi, fedha ya dhamana anayoishika mwenye nyumba, maji, nauli, karo, na fungu la mama anayebaki Vanga, ambaye amezoea kelele za wajukuu. Kitakachobaki ndicho kitakachosema ni chumba kimoja au viwili. Kisha mume aende Ukunda akakione kile chumba, kwani mpaka sasa amekikataa bila kukitia machoni.