Kodi ya Nyumba na Chakula cha Mwaka

Wako wasemao kwamba kodi ya nyumba isizidi theluthi ya mapato. Kipimo hicho chamfaa mwenye mshahara wa mwezi. Lakini mkulima aliyepanga Ruangwa mjini hupata fedha kwa msimu, za ufuta na za korosho. Na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kwa mkupuo. Twawasihi akina baba: tengeni kwanza chakula cha mwaka mzima, ndipo mchague nyumba, hata iwe chumba kimoja. Aibu si kitu, njaa ya watoto ndiyo kitu. Nanyi wenye nyumba Wakristo, Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba kidogo alicho nacho maskini kiheshimiwe kama kitu kitakatifu, kwa sababu ni kidogo. Pokeeni basi kodi mwezi kwa mwezi.